Mwalimu Mwalim na Digrii Tisini

Wasifu wa marehemu Mwalim Khatib Vuai (1957–2026), uliosomwa na mdogo wake, Tahir Khatib Vuai, kwenye hitma, Paje, Ijumaa tarehe 23 Januari 2026, baada ya sala ya Alasiri.

Bismillahi Rahmani Rahim. Masheikh, wazee wetu, majirani wa Paje na wa Mpendae, wanafunzi wa marehemu mliojaa mpaka barabarani, na kina mama mlioko ndani mnaosikia kwa spika: assalaam alaykum. Anayesoma karatasi hii ni fundi cherehani, si msomi. Hesabu zilizomo zimetolewa kwenye madaftari ya marehemu mwenyewe, na zikionekana ngumu basi kosa ni la msomaji, maana kaka yake alizifanya nyepesi mno. Yamo pia maneno ya ndani ya nyumba. Hayakuponyoka. Marehemu aliagiza yasomwe mbele ya watu, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa hapa Paje mwaka 1957, mtoto wa kwanza wa Mzee Khatib Vuai na Bi Mwatima. Cheti chake kinasema tarehe mosi Julai, lakini watoto wote wa darasa lile wana vyeti vya tarehe mosi Julai, kwa sababu karani aliyewaandika hakuwa na muda wa kubembeleza kumbukumbu za wazazi. Bi Mwatima alisema yeye anajua tu kwamba ilikuwa siku ya bamvua, maji yamekupwa mpaka mwambani, na jua lilikuwa utosini. Alikuwa akifukua makumbi yake ya nazi ufukweni uchungu ulipomkamata. Alimpa mtoto jina la babu yake, Mwalim. Kwa hiyo alipokuja kusoma ualimu watu wakamwita Mwalimu Mwalim, na wageni wakadhani wanaomtaja wana kigugumizi.

Alianza skuli hapa Paje mwaka 1964, na mwaka 1972 akaenda mjini kusoma sekondari, akikaa kwa shangazi yake Malindi. Huko ndiko kulikotokea kosa lililomfanya awe alivyokuwa. Ilikuwa mwaka 1973. Mwalimu wake wa jiografia, Bwana Abrahman, aliandika swali ubaoni: melini mna saa iliyowekwa kwa wakati wa Greenwich, na inaonesha 9:23. Jua limefika utosini hapa Unguja. Je, Unguja iko longitudo gani?

Marehemu alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Dunia inazunguka digrii kumi na tano kila saa, hilo alilijua. Jua la utosini ni saa sita, hilo nalo nani asiyelijua? Akaandika 6:00, akatoa, akazidisha, akapata digrii hamsini na robo tatu, magharibi. Bwana Abrahman akachukua fimbo, akaenda kwenye ramani ya ukutani, akaifuata longitudo hiyo polepole. Fimbo ikavuka Afrika yote, ikavuka bahari, ikasimama katikati ya misitu ya Brazili.

"Haya, Mwalim," akasema, "Unguja yetu hii hapa. Waambie jamaa zako Paje waache kuvua samaki, wakawinde nyani."

Darasa likavunjika kwa kicheko. Marehemu alisema alitamani ardhi immeze. Kisha Bwana Abrahman akamweleza kosa. Saa ya melini ni ya mashine, na kwa saa ya mashine jua la utosini ni kumi na mbili. Saa sita ni yetu sisi, tunaohesabu tangu jua linapochomoza. Baina ya hizo mbili pana saa sita, na saa sita ni digrii tisini, robo nzima ya dunia. Jibu sahihi lilikuwa digrii thelathini na tisa na robo, mashariki. Juu ya daftari lake akaandika kwa wino mwekundu: "Umepotea digrii 90." Daftari lile limehifadhiwa mpaka leo kwenye kabati la Mpendae, na wajukuu wake wameshalichora chora.

Baada ya chuo cha ualimu Beit-el-Ras, alianza kufundisha jiografia mjini Januari 1980, na hakuacha mpaka alipostaafu Julai 2017. Wanafunzi wake mliopo hapa mnakumbuka somo lake la kwanza kila mwaka. Alikuwa akiingia darasani, anaweka tufe mezani, anasema: "Vueni saa." Wenye saa za mkononi wanazivua. "Nanyi msiokuwa nazo, vueni pia." Watoto wanatazamana. Ndipo anapowaambia: "Macho yenu yanaona tisa, midomo yenu inasema tatu. Hiyo ya mdomoni ndiyo n'nayoitaka hapa mezani. Mtaichukua mkitoka." Kila aliyesahau alirudishiwa daftari lenye maneno yale yale ya wino mwekundu. Wapo madaktari na manahodha kisiwani humu ambao bado wanatukanana kwa utani: "Wewe umepotea digrii tisini wewe."

Nyumbani Mpendae alisimamisha kijiti uani, na kila adhuhuri akienda kutazama kivuli chake kinavyofupika. Jirani mmoja aliwahi kumwuliza kwa nini asitazame saa ya ukutani kama watu wengine. Alimjibu kwamba saa ya ukutani inafuata longitudo ya arubaini na tano, ambayo haipiti hata kwetu, ipo mbali baharini huko, na yeye hawezi kukaa Mpendae akaishi kwa jua la samaki. Jirani aliondoka bila kuelewa, lakini siku ya pili alirudi kutazama kivuli.

Kuhusu ndoa yake kuna kisa ambacho mkewe, Bi Riyama, ameruhusu kisomwe, ingawa alicheka na kulia pamoja aliporuhusu. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1983. Marehemu alikuwa ameshachumbia, na baba wa mchumba, Mzee Ismail, aliyekuwa msimamizi wa makuli bandarini Malindi, alimwalika kufuturu. Siku hiyo alikuwa ametoka Paje baada ya Alasiri, kavaa kanzu aliyoshonewa na mdogo wake, na kashika saa ya baba yake. Viti vimepangwa, tende na uji viko mbele, wazee wanangoja adhana. Ghafla mchumba wa watu akaokota tende, akasema bismillahi, akaitia mdomoni.

"We kijana!" Mzee Ismail akashtuka. "Unakula mchana?"

Marehemu, kwa adabu zote, akatoa penseli mfukoni. Akaeleza kwamba Paje iko mashariki ya Malindi kwa kiasi cha theluthi ya digrii na ushei, na kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo jua huzama Paje kabla ya Malindi kwa dakika moja na sekunde ishirini na tatu. "Na mimi, Mzee, ni mtu wa Paje. Kwetu jua lishazama."

Mzee Ismail alimsikiliza mpaka mwisho. Adhana ikaanza kusomwa msikitini. Akachukua tende yake, akasema: "Paje limezama, sawa. Lakini kiti umekalia Malindi. Mtu saa yake ni pale alipokaa. Hii ya leo utailipa."

Akailipa baada ya Sikukuu. Walioana Januari 1984, na neno la mkwe likabaki nyumbani kwao kama mwiko wa jikoni, halikosi kushikwa kila siku. Mtu akipiga simu kutoka popote, kabla ya salamu kwisha ataulizwa: "Leo kiti umekalia wapi?" Msomaji amewahi kuulizwa hivyo akiwa amesimama sokoni Darajani kwenye jua, na mikononi ana vitambaa vya madoti kumi.

Walijaaliwa watoto wawili, Faiza mwaka 1988 na Yussuf mwaka 1991. Yussuf ana tabia za mama yake, mpole na anayetulia. Faiza alikuwa wa baba. Akiwa na miaka saba aliweza kulizungusha tufe amefumba macho, akaweka kidole, na baba yake akasema jina la mji, yeye akataja huko saa ngapi. Ulikuwa mchezo wao wa kila siku baada ya chakula cha mchana.

Septemba 2012 Faiza alikwenda Uingereza kusomea uuguzi, akaja kupata kazi mjini London, mitaa ya Greenwich kwenyewe. Jamaa wengi waliisikia habari hiyo kama habari ya kazi. Marehemu yeye alitembea nyumba kwa nyumba Mpendae akitangaza kwamba mwanawe anaishi kwenye sifuri. Faiza alimletea picha, amesimama mguu mmoja huku na mmoja huku, na katikati ya miguu yake ule mstari wa longitudo sifuri ambao baba yake aliufundisha maisha yake yote na hakuwahi kuuona. Picha hiyo iko sebuleni, juu ya televisheni.

Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege alimpa sharti moja. "Tukiandikiana, saa iwe ya Unguja, lakini uiandike kwa mashine. Hii ya mdomoni tuiache hapa hapa, isije ikatupoteza." Faiza akasema: "Naam, Baba." Kwa miaka kumi na kidogo hawakupishana hata dakika. Na katika kila simu, marehemu alikuwa na swali lake: "Huko saa ngapi, mwanangu?" Jibu alilijua. Angeweza kulitoa usingizini. Bi Riyama alimwuliza mara moja kwa nini anamsumbua mtoto kwa jambo analolijua, akasema anapenda tu kumsikia akilisema.

Sasa yanakuja yale maneno ya ndani. Marehemu alijenga vyumba viwili hapa Paje, upande wa baharini, kwa ajili ya Faiza atakaporudi. Wenye mahoteli na wacheza tiara za baharini, wale wageni wanaovutwa na upepo juu ya maji, walikuja mara nyingi kuvitaka, akawarudisha wote: "Hivyo ni vya Faiza." Siku ya Idd el-Fitri ya mwaka 2023, ukoo mzima ukiwa umekaa uani, Faiza alipiga simu, ikawekwa spika ili kila mtu amsikie. Akatoa mkono wa Idi. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema ameamua kubaki, ameshapata uraia wa kule, na amenunua nyumba.

Marehemu aliinuka kwenye kiti chake, na nyinyi mliokuwapo, ambao wengi mmo humu, mlimsikia. "Kumbe nilikufunza kuhesabu ulivyo mbali, kurudi sikukufunza! Basi usinipigie mpaka ujue kiti chako kiko wapi." Akaizima simu mwenyewe.

Faiza alitii. Alikuwa akimpigia mama yake kila Ijumaa, anatuma salamu kwa baba, na baba anajibu "wa alaykum salaam" akiwa chumba cha pili. Miaka miwili na miezi tisa. Msomaji alijaribu kusema na kaka yake, akaambiwa arudi kwenye cherehani yake. Lakini vyumba vile havikukodishwa, na kila mwaka kabla ya masika marehemu alikuja Paje kuvipaka chokaa mwenyewe.

Mwezi wa Juni 2024 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Madaktari wakasema ni moyo. Alilazwa mara mbili, na Januari tarehe 12 mwaka huu akarudishwa nyumbani Mpendae, kwa kuwa hapakuwa na la kuongeza. Alikuwa na nguvu kidogo asubuhi, baada ya chai, kisha hupungua kadiri siku inavyokwenda. Jumatatu tarehe 19, baada ya Alasiri, aliomba simu yake, akavaa miwani, akakataa kusaidiwa. Aliandika hivi: "Faiza. Nipigie kesho saa 3. Nna neno. Baba."

Jibu halikuchelewa: "Inshaallah Baba. Saa 3 kamili." Marehemu aliusoma ujumbe ule mara nyingi mpaka mwanga wa simu ukamchosha macho. Alimwambia Bi Riyama kesho amtilie tangawizi kwenye chai, sauti iwe safi.

Jumanne alitaka kunyolewa. Yussuf alimnyoa. Alivaa kanzu nyeupe, akaegeshwa kwa mito miwili, simu kifuani. Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi. Saa tatu ikafika. Saa tatu na robo. Saa nne. Bi Riyama akasema: "Tumpigie sisi." Akakataa: "Nimemwomba apige yeye. Nkimpigia mimi ntakuwa namlazimisha. Labda hataki, na ana haki." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. Msomaji alikuwa amekaa chini pembeni ya kitanda, na hajawahi katika maisha yake kuona uso kama ule, na anaomba asiuone tena.

Karibu na saa tano aliomba miwani. Akaufungua ujumbe wake mwenyewe, akautazama sana. Kisha akacheka, kicheko cha pumzi tu. "Tahir," akasema, "mie nimeandika tatu."

"Ndiyo, kaka. Saa tatu."

"Saa tatu ya mdomoni. Tulikubaliana ya mashine. Tatu ya mashine ni saa tisa mchana. Mtoto hajachelewa. Mtoto anangoja saa niliyompa." Akafumba macho. "Miaka thelathini na saba nawavua watu saa, mwisho nimesahau kuvua yangu."

Hapo ndipo alipokubali apigiwe. Alipigiwa mara nne. Kule ilikuwa saa mbili asubuhi, Faiza yuko zamu wodini na simu yake imefungiwa kwenye kabati, kama zilivyo taratibu za kazi yao. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa ameomba mapumziko yake yawe adhuhuri ya kule, ambayo kwetu ni saa tisa kamili. Yussuf alitaka kumrekodi baba yake sauti. Marehemu akakataa. Alisema Faiza anaijua sauti iliyokuwa ikisikika mpaka darasa la tatu kutoka kwake, asiachiwe hii. Akamwambia msomaji atafute kalamu. Hapakuwa na karatasi karibu, yakaandikwa nyuma ya bahasha ya dawa. Alitaja neno, anapumzika, anataja jingine. Alipomaliza alisema: "Usimpe kwenye simu. Umsomee mbele ya watu, maana mbele ya watu ndiko nilikomkemea."

Alifariki saa sita na dakika thelathini na nne mchana, muadhini wa Mpendae akianza adhana ya Adhuhuri. Uani kivuli cha kijiti kilikuwa kimefika kwenye alama yake.

Saa tisa kamili simu ililia. Haikuzidi wala kupungua. Alikuwa ameshafunikwa, na simu iko juu ya meza ya chai. Bi Riyama aliipokea, na kabla hajatamka neno waliokuwapo wakasikia sauti ya Faiza ikitoka haraka haraka, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake: "Shikamoo Baba. Baba, nimepiga saa tatu kamili. Baba?"

Marehemu alizikwa hapa Paje Jumatano tarehe 21, saa nne asubuhi. Faiza alifika siku hiyo hiyo alasiri, udongo ukiwa bado mbichi. Tangu alipofika hasemi ila neno moja, kwamba alichelewa. Kwamba ilimpasa ajue; mzee mgonjwa, asubuhi ndiyo nguvu yake, atakumbuka vipi saa ya mashine? Analisema kwa mama yake, kwa wanaomletea chai, na peke yake.

Marehemu ameacha mke, Bi Riyama Ismail. Watoto wawili, Yussuf na Faiza. Wajukuu watatu, Nassra, Ummkulthum na Mwatima mdogo. Dada yake, Bi Salhiya. Na mdogo wake anayesoma. Ameacha pia wanafunzi ambao hata yeye, na hesabu zake zote, hakuweza kuwahesabu.

Imebaki bahasha. Faiza, mwanangu, najua uko ndani karibu na dirisha. Amenitaka nikusomee, nami nakusomea kama alivyotamka.

"Faiza. Nimepotea digrii tisini. Kosa ni langu, wewe uko sahihi. Siku ile ya Idi nilipotea pia. Babu yako Ismail alinambia mwaka 83 kwamba mtu saa yake ni pale alipokaa, nikalifundisha neno lake watu wote na mwenyewe nisilielewe. Kiti chako ni hapo ulipokaa, nami nimeridhika nacho. Vyumba vya Paje ni vyako, uje ukipenda, usipokuja wakae popo. Neno nililokuitia si hili. Nilitaka kukuuliza tu. Huko saa ngapi, mwanangu?"

Mola amsamehe pale alipokosea hesabu na pale alipokosea watu, amkunjulie kaburi lake, na ampumzishe kwa amani mahali pasipo na masafa. Amin.

Faiza, mjibu baba yako. Sote tumenyamaza.